Taa Isiyouzwa

Saigon, 20 Februari 1995

Kwako Mjomba Tam, mtoto wako Diem anakuamkia kwa mikono miwili.

Nilifika salama. Basi liliharibika mara mbili, na abiria mmoja alikuwa na kapu la vyura lililofunguka tukiwa katikati ya safari, lakini tulifika sote, na vyura wengi pia. Keki za mchele alizonifungia mkazamjomba ziliisha kabla sijavua viatu. Wenzangu wa karakanani wanamsalimu sana na wanauliza atapika tena lini. Mwambie kikohozi chake akinywee tangawizi. Mama naye namsalimu. Msomee barua hii yote, usiruke mahali, maana nakufahamu.

Kazi ni ileile. Karakana yetu bado inatengeneza taa za vyombo vya majini, ila nimetolewa kwenye kufunga maboksi, sasa naunganisha nyaya. Siku nzima naangalia balbu, na nikifumba macho kulala naona nukta za kijani.

Sasa jambo lenyewe. Usiku ule mliponishusha kivukoni nipande basi, ninyi mkaendelea kwenda soko la mtoni. Miaka yote nimekuwa ndani ya mashua ile, sikuwahi kuiangalia kutoka nchi kavu. Saa nane usiku, mananasi yamejaa mpaka juu, wewe uko nyuma kwenye injini, Mama amekaa mbele, na taa yenu nzima ni kijiti kimoja cha udi alichokichomeka kwenye pua ya mashua. Kijiti cha udi, Mjomba. Kabla hamjafika konani sikuwaona tena. Kisha likapita tishari la mchanga, refu kuliko kivuko chenyewe, likaingia kona ileile. Nilisimama pale mpaka basi lilipopiga honi mara ya tatu.

Baba alifia kwenye kona hiyo miaka miwili iliyopita, naye hakuwa na taa. Sitaki kuandika zaidi ya hapo.

Kwa hiyo nakutumia taa, kwa mkono wa dereva wa basi. Ni nyeupe na inatumia betri ya injini. Iweke juu kabisa, mahali ambapo mtu aliye mbele yako, nyuma yako na ubavuni mwako ataiona. Isizibwe na mananasi. Isizibwe na wewe. Tarehe mosi ya mwezi wa saba wa kalenda yetu ya mwezi mwandamo, yaani mwishoni mwa Julai, tunafanya kumbukumbu ya Baba, na basi la usiku litanishusha kivukoni saa tisa. Ukija kunichukua na mashua yenye taa, nitapanda. Ukija na ya giza, nitakaa palepale juu ya begi langu na kurudi Saigon na basi la asubuhi. Mwambie Mama nimesema hivyo, na kwamba sitanii.

Mtoto wako,
Diem


Rach Nga, 14 Machi 1995

Mpwa wangu Diem, fundi wa nyaya,

Barua yako imetukuta wazima. Mkazamjomba wako mwaka huu anakohoa vizuri zaidi kuliko mwaka jana. Mama yako amenenepa kidogo, mwenyewe anasema ni nguo zimesinyaa. Mbwa ana mimba. Mananasi ni madogo lakini matamu, kama mjomba wako.

Nilimsomea mama yako barua yote. Pale pa kijiti cha udi alicheka. Pale pengine hakucheka, akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Taa imefika, asante. Ni taa nzuri sana, na sisemi hivyo peke yangu, watu wengi wamesema. Lakini kwanza ngoja nikukumbushe mambo ya kwenu, maana Saigon inasahaulisha. Sisi watu wa mto huu tumekuwa tukipishana gizani kwa kukohoa tangu enzi za babu yako. Ukifika konani unakohoa mara mbili, anayekuja anakujibu mara moja, mnajua mko wawili, kila mtu anashika upande wake wa kulia. Ni kweli kwamba mwaka jana mkazamjomba wako, na kile kifua chake, aliwasimamisha watu wanne konani kwa nusu saa, kila mmoja akidhani linakuja kundi zima la maharusi. Lakini hakuna aliyeumia. Matishari hayakohoi, hilo nakubali.

Basi. Uliandika juu kabisa, ionekane pande zote. Mashuani mwangu mahali pa namna hiyo ni pale tu, kwenye mwanzi. Nikaifunga kwenye mwanzi. Umezaliwa hapa, unaujua mwanzi wetu wa sokoni. Anayeuza nanasi anatundika nanasi, anayeuza boga anatundika boga, mnunuzi anaona kwa mbali na kupiga kasia moja kwa moja bila kuulizana. Kinachoning'inia kinauzwa. Marehemu babu yako aliwahi kutundika kofia pale ili ajifute jasho, na alipomaliza kujifuta ilikuwa imenunuliwa.

Tulifika sokoni taa ikiwaka. Kabla sijatupa nanga, mashua kumi na moja zilikuwa zimenizunguka, na hakuna hata mmoja aliyetaka nanasi. Nikawaambia taa hii haiuzwi. Wakacheka. Mzee mmoja wa viazi vitamu akaniuliza, kama haiuzwi mbona nimeitundika, na ningekuwa mimi ningemwuliza hivyohivyo. Nikasema nimeiweka ili tishari lituone. Akauliza tangu lini tishari linanunua mananasi.

Mpwa wangu, mtu anayetundika kitu halafu akakataa kukiuza ni tapeli, na mimi nimekaa soko hili miaka thelathini na jina langu. Nilisongwa sana. Kwa hiyo, kwa kulinda heshima ya ukoo, taa sasa iko kwa Muoi muuza maboga, na sisi tuna mabata bukini wawili.

Usikasirike kabla hujamaliza kusoma. Nimelifikiria. Nimewafunga mabata mbele ya mashua, mmoja kila upande, na kitu chochote kikisogea gizani wanapiga kelele zinazosikika mpaka ng'ambo. Taabu ni kwamba hata kisiposogea kitu wanapiga. Mama yako anasema hajalala tangu Jumanne.

Mjomba wako,
Tam


Saigon, 2 Aprili 1995

Kwako Mjomba Tam, naamini mko wazima wote.

Mimi ni mzima. Mwenzangu wa chumbani ameolewa, kwa hiyo sasa nalala kitanda cha juu, karibu na feni. Barua yako niliisoma wakati wa chakula cha mchana, msimamizi akaja kuniuliza kama nalia au nacheka, nikamwambia bado sijajua.

Bata bukini hawaki, Mjomba.

Natuma taa tatu kwa dereva yuleyule. Tafadhali soma sehemu hii mara mbili, na mara ya pili msomee Mama kwa sauti. Nyekundu ni ya upande wa kushoto wa mashua. Kijani ni ya upande wa kulia. Zote mbili ziwe mbele, na zisikaribie mwanzi kabisa, zipigiliwe misumari kwenye mbao. Nahodha wa tishari akiona nyekundu anajua anaangalia ubavu wako wa kushoto, kwa hiyo anajua unaelekea wapi. Akiona kijani, ni ubavu wa kulia. Akiona zote mbili, anajua unamjia uso kwa uso, anakwepa mapema. Ukizichanganya utakuwa umemdanganya mtu mwenye tani mia tatu za mchanga ambaye hawezi kusimama ghafla.

Nyeupe bado lazima ikae juu, kwenye mwanzi. Ukikaribia soko, ishushe. Ni kazi ya dakika moja, kwa hiyo usiniletee tena habari za heshima ya ukoo.

Na ile tochi yako kubwa usimmulike nayo mtu machoni. Ukimmulika, kwa muda haoni kitu, hata wewe mwenyewe hakuoni. Mmulike Muoi mchana ukitaka kucheza.

Wasalimie wote, na mabata.

Mtoto wako,
Diem


Rach Nga, 5 Mei 1995

Mpwa wangu Diem,

Tuko wazima. Mbwa amezaa wanne, mmoja tumempa jina la Saigon kwa sababu halali na anabweka ovyo. Bata mmoja tumemla, mwingine baada ya hapo amenyamaza kabisa, hapigi kelele hata ukimkanyaga. Mvua zimeanza. Mama yako ni mzima, alilowa kidogo, nitafika huko.

Nyekundu na kijani nilizipigilia misumari kama ulivyoagiza. Lakini wewe ulipokuwa unaniagiza ulisahau kitu kimoja. Hapa kwetu ni nani mwenye taa za rangi mtoni usiku? Muuza supu. Yeye hana cha kutundika kwenye mwanzi, supu haitundikiki, kwa hiyo anawasha rangi ili mtu mwenye njaa amwone. Usiku wa kwanza hatujafika mbali, ikaja mashua yenye wanaume watatu na kila mmoja ameshika bakuli. Nikawaambia sina supu. Wakasema watasubiri.

Unamjua mkazamjomba wako. Hawezi kumwona mtu ameshika bakuli tupu. Akawasha jiko, akakata nanasi, akatia kichwa cha samaki tuliyekuwa tumemweka kwa chakula chetu, akawapa tambi. Wiki iliyofuata walikuja tisa. Sasa tunatoka nyumbani saa nzima mapema kwa ajili ya supu, na akiwasha zile taa hawazi tishari hata kidogo, anawaza kitunguu.

Sasa nifike pale pa kulowa. Nilipozipigilia, mashua ilikuwa imevutwa nchi kavu. Nikasimama mbele yake. Ina macho, wayajua, niliyachora mwenyewe mwaka juzi, na jicho moja likatoka kubwa. Tukawa tunatazamana, mimi na mashua. Nikainua mkono wangu wa kushoto, nikapigilia nyekundu upande huo. Nikainua wa kulia, nikapigilia kijani. Kazi safi. Ni nani angekumbuka kwamba kushoto kwangu ni kulia kwake? Ukisimama mbele ya mtu mkatazamana, unahesabu mkono wa nani?

Tukawa tunatoka kwenye mfereji wetu kuingia mtoni, tishari linashuka. Nahodha akaona nyekundu, akadhani naelekea upande mmoja, akakwepea upande wa pili, na huo wa pili ndio niliokuwa naelekea. Nikageuza. Sasa akaona kijani, akakwepa tena, nami nipo hukohuko. Tulicheza hivyo mara tatu. Mwishowe nikaipeleka mashua kwenye matete, mama yako akaanguka majini na bakuli la mteja mkononi, na mteja akaanguka nyuma ya bakuli. Tishari likapita karibu. Nahodha akaniuliza kwa kipaza sauti, kwa uchovu, "Mzee, wewe unakwenda au unarudi?"

Nilimjibu kwamba nauza mananasi. Ndilo jibu lililonijia.

Nimeshazibadilisha. Mama yako alisimama nyuma yangu kunisimamia, akiwa bado na matope kichwani. Ile nyeupe iko salama kwenye sanduku, nimeiviringisha kwenye kitambaa isipate unyevu. Tunaitunza vizuri.

Mjomba wako,
Tam


Saigon, 28 Mei 1995

Kwako Mjomba Tam,

Salamu kwako na kwa mkazamjomba. Mimi ni mzima.

Wiki niliyopata barua yako nilipata na nyingine. Mama alimwomba Muoi amwandikie. Mwandiko wa Muoi ni wa kutisha, ilinichukua jioni mbili, lakini nimeisoma yote. Anasema tishari lilipita karibu mpaka Mama akaona kutu yake. Anasema taa nyeupe haijawahi kuwashwa hata usiku mmoja, kwamba wewe hufungua sanduku, ukaiangalia, ukalifunga. Tena Muoi ameongeza maneno yake mwenyewe mwishoni. Anasema ile taa ya kwanza yeye hakuiomba. Alikuja kukuuzia mabata, wewe ukamwekea taa mikononi, ukachukua mabata, ukaondoka bila kuaga. Anasema mpaka leo haelewi, na kama unaitaka atairudisha.

Sitakuuliza tena habari za mwanzi. Kutundika najua na kushusha najua. Kuna jambo huniambii, na si la mwanzi.

Mama yangu anakaa mbele ya mashua hiyo kila usiku. Nina mama mmoja. Ukitaka nije mwezi wa saba, niandikie jambo lenyewe. Usiponiandikia sitakuja, na taa nyingine sitatuma.

Diem


Rach Nga, 9 Julai 1995

Mpwa wangu Diem,

Sisi ni wazima. Mbwa ni mzima. Watoto wa mbwa ni wazima. Bata ni mzima. Mananasi yamepungua ila maembe ya jirani yamekubali. Mkazamjomba wako ni mzima na wateja wake ni wazima. Hii ni barua ya tano nakuandikia tangu Juni. Nne za kwanza zilikuwa ndefu na nzuri, na zote mkazamjomba amewashia jiko la supu, kasema zimejaa mbwa tu na hazina mtu ndani.

Nikueleze kwanza kilichotokea juzi, halafu nitajaribu lile lingine.

Juzi jioni mama yako alifungua sanduku lake, akatoa lile shati jeupe la baba yako, alilovaa siku ya harusi ile ya kwa shangazi zako. Akalichomeka mwanzini, ufito umepita mikononi, kama mtu anayeanika. Nikamwambia, dada, litanunuliwa hilo. Akaniambia, "Tangu lini nguo zikanunuliwa?" Diem, nilikaa chini. Watu wa mashuani tunafua, na nguo lazima zianikwe, na pa kuanika ni palepale. Nguo ndicho kitu pekee kinachoning'inia mwanzini na hakuna mtu anayekiulizia. Miaka thelathini sokoni, nimeona mpaka kofia ya baba yangu ikinunuliwa, na hilo sikulifikiria.

Kisha akaenda kwenye sanduku langu, hakuniomba ufunguo. Akatoa taa yako nyeupe, akaitia ndani ya shati, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni. Akaunganisha nyaya mwenyewe. Kisha akanitazama, akasema, "Hii huiuzi, na huthubutu kuishusha." Akaiwasha.

Shemeji akasimama juu ya mashua. Sijui niseme vipi vingine. Mikono ameitandaza, kifua kinang'aa, kichwa hana. Upepo ukija anapumua. Bata, ambaye alikuwa hajatoa sauti tangu Aprili, alipiga kelele moja akaingia chini ya jiko.

Tukatoka hivyo. Wateja wa supu walituona wakageuza, wote, mabakuli yakianguka. Konani tukakutana na tishari, na nahodha alikuwa yuleyule. Aliliona shati kutoka mbali sana, mbali kuliko nilivyowahi kuonwa na mtu katika maisha yangu. Injini yake ikapunguzwa, ikapunguzwa tena. Akachukua kipaza sauti, na safari hii alizungumza kwa adabu zote. "Mheshimiwa, tunaomba kupita. Tupite upande gani?"

Mama yako akamjibu, "Shikeni kulia kwenu."

Wakashika kulia kwao, polepole, mabaharia wote wamevua kofia, na mmoja amewasha udi. Tukapishana na nafasi ikabaki ya kupita mashua nyingine tatu.

Mimi nilikuwa nyuma kwenye injini nalia. Mkazamjomba wako alidhani ni moshi, akanipa kitambaa.

Sasa lile lingine. Uliandika kwamba usiku ule baba yako hakuwa na taa. Alikuwa nayo, Diem. Alikuwa na karabai nzuri kuliko watu wote wa mfereji huu. Ilikuwa kwangu. Niliiazima mchana nichezee karata na Muoi na wenzake, nikaahidi kuirudisha kabla ya jua kuzama. Usiku akapita na mashua yake chini ya nyumba, akaniita, "Tam, taa yangu." Nikamwambia dakika moja. Nilikuwa na karata nzuri. Akangoja. Akaniita tena, nikamwambia dakika moja tu, shemeji, namalizia. Akacheka, unamjua alivyokuwa, akasema, "Basi, nitakohoa."

Nikamsikia anakwenda. Nikamsikia amefika konani akakohoa mara mbili. Nilikuwa nangoja kusikia mwenzake akimjibu mara moja. Lililokuja lilikuwa tishari, na tishari halikohoi.

Karabai iko chini ya sanduku langu mpaka leo. Sijaiwasha na sijaitupa. Usiku nilipowasha ile taa yako ya kwanza kwenye mwanzi na mwanga ukaniangukia mikononi, nilimpa mtu wa kwanza aliyesogea. Ile ya pili nilishindwa hata kuiwasha. Mengine yote niliyokuandikia ni kweli, hata habari ya viazi vitamu, ila hayakuwa sababu.

Mama yako sijamwambia. Miaka miwili nakula naye chungu kimoja, na kila asubuhi nasema leo nitamwambia. Sasa nimekuambia wewe. Kama hutakuja mwezi wa saba nitaelewa, wala sitakusumbua na barua.

Mjomba wako,
Tam


Saigon, 18 Julai 1995

Kwako Mjomba Tam, mtoto wako anakuamkia kwa mikono miwili.

Mimi ni mzima. Mwambie mkazamjomba kwamba msimamizi ameniruhusu siku nne, na kwamba tambi za nanasi nataka kuzionja mwenyewe kabla sijaamini. Yule mbwa anayeitwa Saigon msimgawe, ni wangu.

Mama anajua. Alijua asubuhi ileile. Alipokuja kukugongea kukuambia, karabai ya mumewe ilikuwa mezani kwako katikati ya karata, bado inawaka. Aliniambia siku ya maziko. Nilikuchukia mwaka mzima, Mjomba, nakuambia kweli, kila barua niliyokuwa nikiandika nyumbani jina lako nililiweka mwisho. Baadaye nikaenda kuomba kazi kwenye karakana ya taa. Wewe ulidhani katika mitaa yote hii ya Saigon, yenye viwanda vya viatu na biskuti, niliingia pale kwa bahati?

Mama alipohamia kwako watu walimwuliza kama amekosa pa kwenda. Alisema anataka kukaa na mtu ambaye hatasahau taa tena maisha yake yote. Alikosea kidogo, lakini alikuwa na maana yake.

Mwambie mwenyewe, kwa mdomo wako, kabla sijafika. Anakungoja umwambie. Miaka miwili na yeye kila asubuhi anasema labda leo.

Sasa sikiliza. Shati linapunguza mwanga. Fungueni vifungo viwili vya juu, na balbu isiguse kitambaa, itaunguza kola. Kola hiyo niliishona mimi. Chukueni na ile taa ya Muoi, muiweke nyuma ya mashua, maana anayewafuata naye lazima awaone. Na karabai ya Baba itoe chini ya sanduku, ipige pampu, iwashe, uje nayo umeishika mkononi. Nataka kuiona ikirudi.

Basi linafika saa tisa, na mwezi utakuwa haujatoka. Nitakuwa nimesimama mwisho kabisa wa gati. Nikiliona shati nitakohoa mara mbili. Usichelewe kunijibu.

Mtoto wako,
Diem